Mizunguko Kumi na Tisa

Mimi ni mtunza stoo wa uwanja wa taifa. Mipira, nyavu, vizuizi, mikuki, magodoro ya kurukia, chokaa ya kuchorea mistari, vyote viko chini ya ufunguo wangu, na aliyewahi kuazima kitu asirudishe ananijua vizuri. Watu wananiita Mama Stoo. Nikiwapa mgongo wananiita Mama Hakuna, kwa sababu hilo ndilo jibu langu la kwanza kwa kila anayebisha hodi. Siwalaumu. Ungekaa stoo miaka ishirini na nane ukiwa na roho ya huruma, ungebaki na rafu tupu na funguo mkononi.

Lakini si habari zangu ninazotaka kusema. Nataka kumsema Fundi Brashi, tuliyemzika wiki tatu zilizopita, maana wengi waliosimama kaburini walisema alikuwa mtu wa watu, mcheshi, fundi hodari, wakaenda zao. Yote kweli. Ila kuna jambo moja hawakulijua, na mimi nililijua, na sikulifanyia kitu.

Chini ya jukwaa kuu kuna korido ndefu inayotoka vyumba vya kubadilishia nguo kwenda uwanjani. Ukuta wake wa kushoto, kuanzia mlango wa kwanza hadi wa mwisho, ni kazi ya mkono wake. Kila baada ya miaka minne timu ya taifa inapokwenda Michezo ya Bara, wote waliokwenda wanaandikwa pale: jina, mchezo, matokeo. Nimesema wote. Ukiwa wa kwanza unaandikwa, ukishika mkia unaandikwa, ukitolewa raundi ya kwanza hata jasho halijakutoka unaandikwa vilevile. Wenye medali wana rangi zao, dhahabu, fedha na shaba. Waliobaki ni rangi nyeusi. Na kwa timu yetu, tusidanganyane, ule ukuta ni mweusi.

Alikuja meneja mmoja akaona aibu. Akasema tuandike wenye medali tu, wageni wakipita wasitucheke. Fundi akamsikiliza mpaka mwisho, brashi sikioni, kisha akamwambia, "Sawa bosi. Ila ukuta wote huu wa nini? Kwa medali zetu mlango wa choo unatosha." Meneja akacheka mpaka akashika kiuno, na hakulirudia tena lile neno. Mimi nilibaki pale, ndiyo maana nikamsikia Fundi alivyomalizia peke yake, akifuta brashi: "Aliyevaa jezi anaandikwa. Basi."

Alikuwa na utaratibu wake, na hakutaka kuuvunja kwa ajili ya mtu yeyote. Timu ikitangazwa, alipiga mistari ukutani kwa uzi uliopakwa chaki, akaandika majina na michezo kabla hawajaondoka, ili siku ya kukabidhiwa bendera kila mmoja apite koridoni ajione. Nafasi ya matokeo aliiacha wazi. Hapo hapagusi mtu mpaka barua yenye muhuri ifike kutoka ofisi ya michezo. Redio imesema, gazeti limeandika, kocha ameapa, yeye hana habari. "Muhuri uko wapi?" anauliza. Herufi zake alizichora kwa mkono mtupu, mkono wa kulia umeegemea kijiti alichokifunga kitambaa nchani, na ungeweza kuweka rula chini ya maneno yake usione penye kupinda.

Mke wake alifariki binti yao akiwa na miaka minne. Hapa mjini hakuwa na ndugu wa kumwachia mtoto, kwa hiyo alikuja naye kazini, na mtoto akakulia stoo kwangu. Usingizi wake wa mchana aliulala juu ya magodoro ya kuruka juu. Aliniita Shangazi ingawa mimi na baba yake hatuna hata tone la damu moja. Yeye Fundi aliniita dada, na mambo yakaishia hapo. Siku za mashindano ya shule tulimpa yule mtoto kengele ya mzunguko wa mwisho aigonge, na aliigonga kwa nguvu zake zote, mpaka waamuzi wakaziba masikio. Ndipo akapata jina la Kengele, na likamganda.

Sijui ni nani aliyemfundisha kukimbia. Nadhani hakuna. Aliona watu wakizunguka, naye akazunguka. Akiwa na miaka kumi na sita aliwaacha wasichana wakubwa nyuma nusu uwanja, mdomo ameufunga kama mtu aliyekasirika. Akiwa na ishirini na moja alishinda majaribio ya taifa ya mita elfu kumi, mizunguko ishirini na mitano, kwa muda ambao kocha aliuangalia kwenye saa yake mara tatu kisha akamwomba mwamuzi amwonyeshe ya kwake. Mwaka ule, bara zima, ni wasichana wawili tu waliokuwa wamekimbia kwa kasi kuliko yeye.

Hapo kichwa cha baba yake kikavimba. Nasema hivyo kwa upendo. Alitembea pale uwanjani kama vile nyasi zote alizipanda yeye. Timu ilikuwa na wanamichezo thelathini na wanane, na viongozi arobaini na watatu, maana viongozi wetu huwa hawapati majeraha na hawaachwi nyumbani. Fundi aliwaandika wale thelathini na wanane. Jina la binti yake lilikuwa la kumi na nne, kati ya msichana wa kurusha mkuki na kijana wa kuogelea. Jioni ya kuamkia siku ya bendera akaja dirishani kwangu.

"Dada, nipe kopo la dhahabu."

"La nini? Hata hawajapanda ndege."

"Nipe kopo, dada."

Nikampa. Mimi, Mama Hakuna, nisiyetoa hata pampu bila sahihi mbili, nilimpa kopo la dhahabu nikicheka, tena nikamfuata nikamshikia taa. Akaandika DHAHABU mbele ya jina la mtoto wake. Herufi saba, na sijawahi kuona nzuri kama zile. Kisha akabandika juu yake kipande cha karatasi ya kaki kwa gundi ya utepe, pande zote nne. "Tutaibandua siku ile," akasema. "Watu watafikiri nimeandika kwa dakika moja." Muhuri sikumwuliza. Kwa nini sikumwuliza?

Siku nne kabla ya mbio, asubuhi, simu ya stoo ikalia. Ilikuwa Kengele, kutoka huko kwenye michezo. Alinisalimia vizuri lakini haraka, akaomba baba yake. Nikamwita. Simu yetu ile ya mezani ina sauti kubwa, ukiwa karibu unasikia pande zote mbili, nami nilikuwa nahesabu mipira mezani hapohapo.

"Baba, ugoko unauma," akasema. "Una wiki sasa. Daktari wa timu anasema nisikimbie. Anasema nikikimbia unaweza kupasuka."

Ningependa kusema Fundi alifikiri kabla ya kujibu, lakini nilikuwa namwona, hakufikiri. Alikuwa anatabasamu.

"Madaktari ni waoga, mama. Nimeshakuandika."

"Umeniandika wapi?"

"Ukutani. Tena kwa dhahabu. Usinifutishe, mama yangu."

Kisha yule mtoto akasema, "Haya, baba." Akakata. Fundi akarudisha mkono wa simu mahali pake akaniambia mtoto ana wasiwasi wa kawaida, kila mtu huwa nao. Nami nikasema ndiyo. Nilisema tusidanganyane, basi na hilo naliandika: nilisema ndiyo.

Mbio zilikuwa alasiri, saa kumi. Tuliweka redio mezani, tukakaa wawili, mlango tumeurudishia. Mtangazaji alikuwa wa kwetu, mpiga chuku mkubwa, lakini siku ile hakuhitaji kutia chumvi. Mizunguko kumi ya kwanza Kengele alikuwa wa pili. Kumi na tano, bado wa pili. Fundi alikuwa amesimama, ameshika ukingo wa meza, na kila mzunguko aliusema kwa sauti kabla ya mtangazaji. Wa kumi na saba akawa wa nne. Wa kumi na nane wa saba. "Mwenzetu ana tatizo," mtangazaji akasema. "Anachechemea. Mzunguko wa kumi na tisa huu, jamani, anachechemea, anabaki nyuma, naona kama anatoka." Kisha wale wa mbele wakaanza kuvutana, akaondoka nao, na jina la mtoto wetu hakulitaja tena mpaka mwisho, aliposoma orodha: hakumaliza.

Fundi akazima redio. Akaniuliza kama nina chai. Nikamwambia ipo, nikammiminia, ikapoa mbele yake.

Mfupa wa ugoko ulikuwa umepasuka kweli, tena vibaya. Walimpasua kulekule, wakaweka chuma, wakamwambia kutembea atatembea.

Timu ilirudi na medali mbili: fedha ya ngumi na shaba ya kuruka juu. Wasichana wa mpira wa mikono walifungwa mechi zote tano. Mnyanyua vyuma alishindwa majaribio yote matatu. Kijana wa kuogelea alikuwa wa nane kati ya wanane, lakini alivunja rekodi ya taifa, na Fundi aliyaandika yote mawili, hilo la nane na hilo la rekodi, kwa herufi za ukubwa mmoja. Barua ya muhuri ilikuja baada ya wiki mbili. Alifanya kazi siku tatu. Mstari wa kumi na nne aliuacha mwisho.

Nilikuwa nimesimama naye alipoibandua ile kaki. Dhahabu ilikuwa inang'aa bado. Akachukua kisu cha kukwangulia rangi, akaanza herufi ya kwanza. Nilidhani ataishia hapo kwenye neno, kisha aandike jipya. Lakini alipomaliza dhahabu akaendelea, akakwangua mchezo, akakwangua jina, mpaka lipu ikaonekana, urefu wa mkono mzima.

"Fundi, jina umelitoa kwa nini?"

"Nitaandika upya. Acha lipu ikauke."

Ile lipu ilipigwa uwanja ulipojengwa. Ilikauka kabla mimi na yeye hatujaajiriwa.

Sasa hebu fikiria. Mtu huyu ameandika "hakumaliza" mbele ya watoto wa watu kwa miaka mingi, mkono hautetemeki, akienda nyumbani analala. Zamu ya wa kwake ilipofika, akashindwa kuliandika. Nilimwelewa. Na nilimkasirikia, na hasira ile haijaniisha hadi leo.

Kengele alirudi mwezi uliofuata, kwa magongo. Nyumbani alimkuta baba yake kamwandalia kitanda, kamnunulia mto mpya, kampikia mwenyewe, yote bila kumtazama usoni. Siku ya tatu akaja uwanjani peke yake. Nilimwona kwa dirisha akivuka, magongo yakizama kwenye mchanga wa shimo la kuruka chini kwa sababu alikata njia kama alivyozoea utotoni. Na Fundi naye alimwona. Alikuwa kwangu anachukua tapentaini. Akaweka chupa chini, akaenda kusimama nyuma ya rafu ya mipira. Mtu mzima, na mvi zake.

Nikatoka peke yangu. Nilimkuta amesimama koridoni mbele ya ukuta. Alisoma kuanzia juu, polepole, mmoja mmoja. Alipofika kwenye lipu tupu akasoma wa chini yake, akarudi wa juu yake. Kisha akanigeukia.

"Shangazi, mimi sikwenda?"

Mimi nina mdomo. Waulize makocha, waulize hata mawaziri waliowahi kutaka viti vya bure. Siku ile ningeweza kumwambia baba yako yuko pale nyuma ya mipira, anakuonea haya, nenda ukamtoe kwa sikio. Nikasema, "Lipu haijakauka, mwanangu."

Akaitikia kwa kichwa. Hakulia. Wiki iliyofuata alihamia kwa mama yake mdogo, mji mwingine, akapata kazi kiwanda cha nguo, mashine ya kupachika vifungo, kazi ya kukaa. Hakurudi tena. Hawakugombana, na hilo ndilo lililokuwa baya, maana ugomvi una mwisho. Sikukuu alimpigia baba yake simu. Shikamoo baba. Marahaba, mama. Mzima? Mzima. Mguu? Unaendelea. Haya baba. Haya mama. Dakika moja, na mwaka umepita.

Miaka kumi na moja ilipita hivyo. Michezo ya Bara ikaja tena mara mbili, Fundi akaandika tena mara mbili, akasogea mbele zaidi ukutani, ule mstari wa kumi na nne ukabaki kama jino lililong'oka. Vijana wapya wakiuliza hapa vipi, aliwajibu lipu haijakauka. Likawa neno la uwanja mzima. Mtu akichelewesha ripoti, lipu haijakauka. Meneja akiulizwa nyongeza ya mishahara, lipu haijakauka. Walikuwa wakilisema mbele yake na kuvunjika mbavu, na yeye akicheka nao.

Kitu kimoja kilibadilika. Neno "hakumaliza" hakuliandika tena. Michezo iliyofuata, mkimbiaji wetu wa marathoni alianguka njiani. Barua ya muhuri ilisema hakumaliza. Fundi alimtafuta yule kijana mpaka nyumbani kwao, akamwuliza, "Uliishia wapi?" Akarudi akaandika: KILOMITA 31. Mwendesha baiskeli aliyegongwa na mwenzake, akamtafuta, akamwuliza. Msichana wa mbio za kutembea, akamtafuta, akamwuliza. Wakubwa walidhani ni mtindo mpya, wakaupenda. Mimi nilimwambia siku moja, "Fundi, unawatembelea watoto wa watu nchi nzima. Wa kwako ana simu." Akaniambia niache maneno mengi, nimpe brashi namba sita.

Mwaka huu, mwezi wa pili, kiharusi kilimpiga. Upande wa kulia wote ukafa, mkono na mguu, mdomo ukaenda upande. Alikaa hospitali, akatoka, akakaa nyumbani. Nilikuwa nampelekea uji na magazeti, na kumgombeza, kwa sababu nikiacha kumgombeza angejua kwamba naogopa. Kisha asubuhi moja namwona anashuka kwenye teksi getini, peke yake, na fimbo. Ilimchukua muda mrefu kufika stoo.

"Dada. Rangi nyeusi. Na brashi yangu."

"Mkono uko wapi wa kushika brashi?"

Akanyanyua wa kushoto.

Nikafunga stoo. Nikamtolea benchi, akakaa mbele ya ule mstari, ulikuwa usawa wa kifua chake akiwa amekaa. Uzi wa chaki nilipiga mimi. Akachovya, akafuta ukingoni mwa kopo kama kawaida yake, akaweka brashi ukutani, na herufi ya kwanza ikatoka kama ya mtoto wa chekechea. Akaiangalia. Nikadhani ataifuta. Akaendelea na ya pili. Jina na mchezo vilimchukua mpaka saa sita. Rangi ilimchuruzika mpaka kwenye kiwiko, nami nilikuwa namfuta kwa kitambaa, jasho na rangi pamoja. Wapita njia walisimama kidogo wakaondoka. Hakuna aliyecheka, nashukuru, maana siku ile ningempiga mtu kwa mkuki.

Alipofika kwenye matokeo akapumzika. Akaniuliza, maneno yakitoka nusunusu, "Ilikuwa ngapi?"

Nilijua anauliza nini. "Kumi na tisa," nikamwambia. "Mtangazaji alisema kumi na tisa."

"Ndiyo," akasema. "Nami nakumbuka kumi na tisa."

Akaandika: MIZUNGUKO 19. Hiyo tisa ilimshinda mara mbili, mkia unakwenda kulia, mpaka nikamshika kiwiko. Alipomaliza ilikuwa saa tisa. Ni mstari mmoja tu uliopinda ukuta mzima. Umepinda kuliko njia ya mlevi, na katikati ya kazi yake yote nzuri unauona tangu mlangoni.

"Mpigie," akaniambia. "Mwambie aje aone."

"Mpigie mwenyewe. Mkono wa kushoto umeandika siku nzima, hautashindwa kubonyeza namba."

Akatikisa kichwa. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Piga wewe, dada. Usimwambie ni nini. Aje aone mwenyewe."

Nikapiga, simu ileile ya mezani. Kengele akashtuka, akauliza kama baba kazidiwa. Nikamwambia hapana, anataka uje uone kitu. Akauliza kitu gani. Nikasema uje tu. Akasema kiwandani hawatoi ruhusa ovyo, atakuja mwisho wa mwezi. Nikasema haya, mwisho wa mwezi si mbali. Fundi alikuwa kwenye kiti anasikia. Akatabasamu kwa ule upande uliobaki.

Siku tisa baadaye kiharusi kilirudi, na safari hii hakikubakiza kitu. Alifariki Jumanne saa nne asubuhi, wakati nachemsha maji ya uji wake.

Kengele alikuja kuzika. Amekuwa mtu mzima, mnene kidogo, anatembea akiutupa mguu mmoja pembeni. Matanga yalipokwisha akaja uwanjani kuchukua brashi za baba yake. Nilikuwa nimezisafisha na kuzifunga kwa kitambaa, kumi na mbili, na kile kijiti cha kuegemea. Akazipokea kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Twende kwanza koridoni. Ndicho alichokuwa anakuitia."

Aliuona tangu mlangoni, kama nilivyosema. Akasimama. Kisha akasogea, akausoma kwa karibu, herufi moja moja, midomo ikicheza.

"Huu mwandiko wa nani?"

"Wa baba yako. Kwa mkono wa kushoto. Alianza asubuhi akamaliza saa tisa."

Akashusha zile brashi kwenye benchi. Akaweka kiganja juu ya jina lake, akakiacha pale muda mrefu, na mabega yakaanza kumtikisika. Nilimwacha alie. Nami nililia, sina haja ya kuficha. Nikawa najiambia moyoni, afadhali, angalau ameliona, angalau lipu imekauka.

Alipotulia akafuta uso kwa kanga, akasogeza kidole mpaka kwenye namba.

"Ishirini, Shangazi."

"Nini ishirini?"

"Nilikimbia ishirini. Wa kumi na tisa ndipo mfupa ulipokatika, niliusikia. Watu wakaniita nitoke. Nikasema ngoja nimalize mmoja tena." Akavuta pumzi. "Nilijua mko hapo stoo mnasikiliza. Nilijua anahesabu."

Nilikwenda stoo nikarudi na kopo la rangi nyeusi, lileile, nikachagua brashi moja kati ya zile kumi na mbili, nikamnyooshea. Akaitazama, akatikisa kichwa.

"Acha ibaki hivyo," akasema. "Hakuniuliza."

Akafunga brashi zake, akaniaga vizuri, akaniambia nijitunze. Nilimsindikiza hadi getini, nikamtazama mpaka alipokata kona. Kisha nikarudi stoo nikakaa. Fundi alimwuliza yule wa marathoni, akamwuliza wa baiskeli, akamwuliza wa kutembea. Mara ya mwisho aliniuliza mimi, nami nikamjibu kama ninayejua. Simu ilikuwa hapa mezani, na namba ya mtoto nilikuwa nayo kichwani.